Skeli moja ya G, dakika 20 kwa siku

Wapiga gitaa wengi wanaoanza hapa Kisumu wameshakariri mikao mitano ya pentatoniki (skeli ya noti tano) kutoka YouTube, lakini ukiwauliza freti ya 2 (nafasi ya pili kati ya vyuma vya shingo) kwenye uzi wa tatu ni noti gani, kimya. Vidole vinakimbia vizuri. Mwimbaji akianza benga, wanarudi kukwangua kodi (za gitaa, yaani noti kadhaa pamoja, si za nyumba) kwa sababu hawajui waingilie wapi. Shika skeli (ngazi ya noti) moja kwanza, mkao mmoja, mpaka sikio liijue. G inatosha.

Tuni kama kawaida: E A D G B E, uzi wa 6 ukiwa ule mnene. Kidole cha shahada ni cha 1, kidole kidogo ni cha 4, na kila kimoja kinalinda freti yake: cha 1 freti ya 2, cha 2 freti ya 3, cha 3 freti ya 4, cha 4 freti ya 5. Mkono hausogei. Uzi wa 6 piga freti 3 na 5. Uzi wa 5: 2, 3, 5. Uzi wa 4: 2, 4, 5, na uzi wa 3 vilevile. Uzi wa 2: 3 na 5. Uzi wa 1: 2 na 3. Ni noti 15, oktavu mbili kamili kutoka G hadi G.

Kama umewahi kuimba kwaya, solfa unayo tayari, basi itumie. Imba do re mi kwa sauti huku ukipiga. Utagundua kwamba mi na fa zimebanana, freti moja tu, na ti na do pia; kwingine kote unaruka freti moja katikati. Anayepiga bila kuimba hujifunza ramani ya vidole tu, na ramani hiyo humpotea mara tu wimbo unapoanzia noti nyingine isiyo do.

Metronomu (kipima mdundo) ya simu iwe 60 kwa dakika, noti mbili kwa kila mdundo. Ukipita mara tatu bila kosa, ongeza 4. Ukikosea mara mbili mfululizo, rudi nyuma 8, usibishane nayo. Simu ikizima chaji, mtu akugongee chupa ya soda. Wapiga omutibo, mtindo wa gitaa wa Uluhyani, walirekodi wakiwa na chupa ya Fanta kando yao na mdundo haukuyumba.

Sauti ikikwaruza, mara nyingi kidole kimekaa katikati ya freti. Kisogeze mpaka kikaribie chuma cha mbele, bila kukipanda. Mkono ukichoka baada ya dakika tano, dole gumba linabana shingo kupita kiasi. Jipime hivi: gusa uzi bila kuukandamiza, upige, kisha ongeza nguvu kidogo kidogo hadi noti itoke safi. Nguvu hiyo inatosha, na ni ndogo kuliko unavyodhani. Wakati mwingine kosa ni la gitaa lenyewe: kama nyuzi ziko juu ya freti ya 12 kwa zaidi ya milimita 3, mpelekee fundi azishushe kabla hujajilaumu. Na futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, maana jasho na unyevu wa ziwa huzitia kutu, na uzi wenye kutu hautuniki sawasawa shingo nzima.

Hapo ni dakika tano tu za mazoezi. Kumi zinazofuata ndizo zenye benga ndani yake.

Gitaa la solo hupenda kupiga noti mbili pamoja, zilizoachana kwa noti moja ya skeli: do na mi, re na fa, mi na so. Zipige kwenye uzi wa 3 na wa 2 peke yake, ukipanda shingo. Namba ya kwanza ni freti ya uzi wa 3: 0-0, 2-1, 4-3, 5-5, 7-7, 9-8, 11-10, 12-12. Kidole cha 2 kisiuache uzi wa 3. Kiteleze tu, ukilegeza bila kuinua. Kwenye uzi wa 2 badilisha: freti zikilingana tumia kidole cha 3, ya uzi wa 2 ikiwa nyuma tumia cha 1. Mkono wa kulia, dole gumba lichukue uzi wa 3 na cha shahada uzi wa 2, kama alivyopiga George Mukabi, gwiji wa omutibo.

Sasa tazama freti zinapolingana: 0, 5 na 7 (12 inarudia 0). Hapo ndipo zilipo G, C na D, kodi tatu zinazobeba nyimbo nyingi sana za huku kwetu. Kodi ya G inakubali 0-0 na 4-3. C inakubali 5-5 na 9-8. D inakubali 7-7 na 11-10. Ile 2-1 ni ya kupita njia, usikae juu yake.

Dakika tano za mwisho, jirekodi kwenye simu ukizungusha G, C, D, G, kila kodi midundo minane, kisha piga juu yake. Sharti ni moja: kodi ikibadilika, uwe umetua kwenye jozi yake. Katikati tangatanga utakavyo. Wengi hukosea kwa kusubiri kodi ibadilike ndipo waanze kusogea, wakafika wamechelewa nusu mdundo. Anza kuteleza ukiwa kwenye mdundo wa nane.

Mwimbaji akitaka A, funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 2, maumbo yanabaki yaleyale.

Jozi hizi zikikukaa, pindua: noti ya chini ipande juu, upige uzi wa 3 na wa 1. Zinakuwa 4-3, 5-5, 7-7, 9-8, 11-10, 12-12, na uzi wa 2 unazimwa kwa kulaliwa kidogo na kidole kinachobana uzi wa 3.