Mwaka Ami Alipochagua Kudai

Lamu hatuna upungufu wa miaka mipya. Uko wa Kiislamu, unaoingia kwa mwezi mwandamo wa Muharram. Uko wa Nairuzi, ambao mabaharia wa zamani waliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, ili wajue kaskazi itaingia lini na kusi lini. Halafu uko huu wa Januari, wa kalenda za ukutani na wageni wa Shela. Kwetu huu wa tatu haukuwa na shughuli yoyote. Ndiyo maana Alhamisi ile, tarehe 31 Desemba 2020, tulimshangaa mpwa wangu alipoingia karakanani na kapu la mahamri, akalishikilia kifuani na kusema hali mtu mpaka achague neno.

"Neno la nini?" Ami, ndugu wa baba yangu, aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye waridi alilokuwa akilichonga.

"La mwaka, Babu. Neno moja tu."

Mpwa wangu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi. Vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi alirudi Lamu, akawa anasoma kwa simu juu ya dari, maana huko ndiko mtandao ulikoshika. Huko huko, baina ya somo na somo, ndiko alikoupata mtindo huu ulioenea Marekani na kwingineko. Watu wamechoka na maazimio. Kila Januari mtu huandika atapunguza uzani, ataweka akiba, ataamka mapema, na Februari haijaingia karatasi haijulikani iliko. Basi badala ya orodha wanachagua neno moja, wanaliweka mahali pa kuonekana, na kila wakitaka kuamua jambo wanalitupia jicho. Hoja yake ilikuwa kwamba azimio ukilikosa siku moja umelivunja, lakini neno unaweza ukalisahau wiki nzima kisha ukalirudia, lipo pale pale.

Sikuwa na la kubishana. Mimi mwenyewe niliingia 2020 na orodha ndefu: leseni ya udereva, chumba cha pili juu ya nyumba ya mama. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, hoteli niliyokuwa nikihudumu mezani ikatufunga mlango, nami nikaenda kwa Ami kupiga msasa. Na kwa Ami kwenyewe kazi zilikuwa zimekatika njiani. Miimo miwili ya mbambakofi iliegemea ukuta ikingoja kizingiti. Mfaa, yaani ule mti wa katikati, wa mlango huo huo ulikuwa na waridi nne juu, na kuanzia hapo kwenda chini ni mistari ya penseli tu, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa Ulaya na pesa ziliacha kuja. Kulikuwa na kiti cha enzi kisichosukwa, kimekaa wazi hivyo hivyo, kuku wa jirani akipenda kupita katikati yake.

"Baraka," nilisema, ili nile.

"Hiyo ni dua," Ami alisema. "Omba, nitakuitikia amina. Lakini usiseme umechagua. Baraka huchagui wewe."

Mpwa akajaribu Amani, naye akajibiwa hivyo hivyo. Akajaribu Mafanikio. Ami akaweka patasi chini. Ukimwona Ami anaweka patasi chini ujue ana maneno. Alituambia kwamba kama ni neno la kumwongoza mtu, basi liwe la jambo lililo mkononi mwake. Mengine ni ya Mungu na ya watu, na mtu akiyasubiri hayo atamaliza mwaka amekaa barazani akisema neno lake halijafika. Hiyo haikuwa kanuni ya mtindo wenyewe, mpwa alilalamika kwamba wengine huko mtandaoni huchagua hata Furaha. Lakini kwangu mimi kanuni ya Ami ndiyo iliyoufanya mchezo ule uwe na maana. Hadi leo kila Januari nikiona watu wametangaza Neema, Ushindi, Kuinuliwa, namsikia Ami akiitikia amina.

Mpwa akashika Uliza, kwa sababu muhula mzima wa masomo ya simu alikuwa amekaa kimya na mwalimu hata hamjui. Dada yangu tulimpigia nyumbani. Alikuwa akishona kofia, kazi anayoifanya mpaka usiku wa manane, akacheka akasema neno lake ni Lala, akakata simu. Mimi nilitazama ile miimo, nikasema Maliza.

"Hilo litakusumbua," Ami alisema, akaonekana ameridhika.

"Na wewe, Babu?"

"Lipwa."

Tulicheka sote, ila mpwa hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. "Babu, kulipwa kumo mkononi mwako?"

Ami alikaa kimya akijifuta vumbi kwenye nyusi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja kitu kisichotajwa mbele ya watoto: "Basi. Dai."

Kwa asiyejua Lamu pengine hili halina uzito. Fundi wa umri wa Ami hadai. Humtembelea mdeni wake, huulizana hali, huuliza nani kafariki na nani kajifungua, kahawa huletwa na halua, na ikiwa mdeni ni muungwana ataelewa mgeni kaja kwa nini. Huyu mdeni wa kwetu alikuwa na kasha na mlango wa ndani, havijalipiwa, tangu kabla ya korona, tena ni mtu wa kuoleana nasi. Ami alikwenda kwake mara nyingi, akanywa kahawa ya kutosha, akarudi akisema hakumkuta katika hali nzuri. Mama alikuwa akisema yule bwana anatulipa kwa vikombe.

Mpwa alitaka maneno yetu yachongwe. Ami alikataa: Muhamadi Kijuma alikuwa mshairi na mchonga milango, akafanya yote mawili, lakini yeye ni mchonga milango tu, tena kwa pesa. Tukaandika kwa penseli kwenye vipande vya mbao vilivyobaki, tukavitundika msumarini. Kafyu ilikuwa saa nne usiku, kwa hiyo mwaka uliingia kila mtu yuko kwake.

Ijumaa ilipita na swala. Jumamosi asubuhi Ami alikuja na daftari kwapani, kanzu imepigwa pasi, barakoa kidevuni. "Ndoo, tutoke. Wewe usinene kitu."

Tulishika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, tukajibana ukutani mara mbili kupisha punda wa mchanga. Yule bwana alikuwa amekaa kwenye daka lake. Akatukaribisha kwa mikono miwili, akaita kahawa ndani kabla hatujafika. Ami hakukaa. Niliona kidole gumba chake kikisugua ukingo wa daftari, mbele nyuma, mbele nyuma, kama anayeitafutia mbao njia ya nyuzi zake.

"Kahawa baadaye," alisema. "Yeo nimekuja kudai."

Kijana aliyekuja na birika akasimama mlangoni asijue aingie au atoke. Mwenyeji wetu alitazama daftari, akanitazama mimi, nami nikatazama kizingiti. Nilidhani atakasirika. Badala yake akapumua, akasema, "Fundi, kukopa harusi," na mwenyewe akamalizia, "kulipa matanga." Akatoa simu. Ilichukua muda, maana alikosea nambari ya siri, na muda wote ule hakuna aliyesema neno. Simu ya Ami ilipolia alivaa miwani, akausoma ujumbe wa M-Pesa midomo ikicheza, akausoma tena. Ilikuwa nusu. Ndipo akakaa, akanywa vikombe vitatu, akauliza nani kafariki.

Nusu ya pili ilikuja mwezi wa Machi, baada ya ziara nyingine ya kusimama. Mimi nami neno langu lilinisumbua kama nilivyoahidiwa: alikuja mtu na kazi ya fremu za picha, nyepesi, pesa za haraka, nikatazama kile kibao msumarini nikamwambia asubiri mpaka miimo ipate kizingiti. Ami akachonga mfaa mpaka chini. Mlango ulikamilika kabla ya Ramadhani, mwenyewe akiwa bado Ulaya, ukatuzuia njia ya kuingilia karakanani.

Siku moja Ami alinipa simu nimpigie mpwa, aliyekwisha kurudi chuoni. Alitaka kujua kama mtu anaweza kubadilisha neno katikati ya mwaka, kwa vile lake limeshafanya kazi.

"Haiwezekani, Babu. Mwaka ni mwaka."

Ami aliifunika simu kwa kiganja, akautazama ule mlango, kisha akanigeukia. "Huyu wa Ulaya," aliuliza, "nambari yake tunayo?"