Kukimbia bila kubeba ukoo mzima mgongoni

Mwaka 2021 nilikaa chini pembeni ya lami, kilomita ya 14 ya nusu marathoni, nikamwambia kijana wa huduma ya kwanza kwamba tumbo linanikata. Halikuwa linakata. Sikuwa naumwa popote. Nilikuwa wa nne, mgongo wa dada wa tatu nauona kabisa, na miguu ikagoma.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Saa tisa nilitapika kwenye choo cha gesti, asubuhi hata chai ikanishinda. Baba mdogo alikuwa amefungua kikundi cha WhatsApp cha kunichangia, ikapatikana shilingi 180,000 ya nauli, malazi na viatu. Kila aliyetoa aliandikwa jina na kiasi chake, mpaka bibi yetu wa Kiwira aliyetuma 2,000. Chini ya orodha baba mdogo akaandika: "Binti yetu anatuletea zawadi." Niliisoma ile orodha mpaka nikaikariri. Barabarani, kila aliyenipita nilimwona amebeba elfu mbili ya bibi.

Nilirudi nyumbani Uyole, Mbeya, na kofia imefunika uso. Wiki tatu sikugusa viatu.

Miezi ikapita nakimbia leo, kesho naacha. Februari 2022 nilikuwa nashinda saluni kwa dada, kule Mwanjelwa, namsaidia kuosha vichwa. Televisheni ilikuwa inaonyesha Olimpiki ya majira ya baridi kutoka Beijing, ule mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa muziki. Wateja walitaka tamthilia, ila rimoti ilikuwa imepotea. Sisi barafu tunayoijua ni ya kwenye friji na sakitu ya Kitulo mwezi wa saba, kwa hiyo tulianza kwa kucheka mavazi.

Tarehe 17 ilikuwa fainali ya wanawake, na hapo kicheko kiliisha. Kamila Valieva, Mrusi wa miaka 15, ndiye aliyetarajiwa kuchukua dhahabu, huku ana kesi ya dawa zilizokatazwa ambayo dunia nzima inaijadili. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akamaliza wa nne. (Baadaye matokeo yake yalifutwa kwa kesi hiyo, hilo ni la mahakama, mimi nilikuwa naangalia uso wa mtoto.) Mwenzake Alexandra Trusova, aliyeruka mara tano miruko ya kuzunguka mara nne hewani, alipata fedha na alikuwa analia kwa hasira kwamba mchezo wenyewe hautaki tena. Anna Shcherbakova aliyeshinda dhahabu alikaa peke yake kama mgeni asiyejua amefuata nini. Mama mmoja mwenye rola kichwani akauliza, "Hawa watoto wamekula kweli?"

Juni mwaka huohuo shirikisho lao la kimataifa lilikubali kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Mimi nilikuwa na 23, kwa hiyo umri peke yake hautoshi kumlinda mtu.

Aliyenifungua macho zaidi ni Nathan Chen wa Marekani, aliyechukua dhahabu ya wanaume hukohuko Beijing. Nilimtafuta kwenye simu. Kumbe kwenye Olimpiki ya 2018 kule Pyeongchang alivurunda programu fupi, ile raundi ya kwanza, akawa wa 17. Kesho yake, medali ikiwa imeshamponyoka, akajaribu miruko sita ya mizunguko minne, akapata alama 215.08, za juu kuliko wote siku hiyo, akapanda hadi wa tano kwa jumla. Miguu ni ileile, barafu ni ileile. Nikajiuliza, basi katikati ya jana na leo alitua mzigo gani?

Kitu kingine nilichokiona kwao: mtu akianguka anakatwa alama, lakini muziki hausimami. Hana muda wa kujililia, mruko unaofuata unamsubiri.

Nilimweleza kocha ukweli, kwamba lile tumbo lilikuwa uongo. Hakushangaa, alisema alijua tangu siku ile. Tukaanza zoezi moja kwenye mlima wa Igawilo. Nakimbia kwa kasi yangu, vijana watatu wanatoka nyuma wananipita mmoja mmoja, kwa makusudi, mwingine ananitania kabisa, "Dada, gari la viazi hilo, panda!" Kazi yangu ni kutokubadili hatua. Nahesabu moja mpaka ishirini kwa mguu wa kulia, narudia. Wa kwanza akinipita kifua kilikuwa kinabana kama nimefungwa kanga. Ilichukua karibu miezi miwili kabla sijaanza kumjibu yule wa viazi huku nakimbia.

Alhamisi nikaiacha bila saa, napanda kuelekea Isyonje kwenye ukungu mpaka nichoke, narudi. Kocha hakuipenda sana hiyo.

Ngumu kuliko mlima ilikuwa familia. Nilimwomba baba mdogo kikundi cha michango kifungwe, nauli nitajitafutia mwenyewe saluni. Alinuna mwezi mzima. "Umeona hela zetu ni uchafu?" Nilimwendea, nikapiga magoti, nikamsalimu, nikamwambia: "Shikamoo baba. Hela zenu si uchafu, ni nzito." Alinyamaza, halafu akaniambia nile ndizi kwanza, tutaongea. Mama nilimwomba kitu kidogo tu: baada ya mbio akipiga simu, swali la kwanza lisiwe nimekuwa wa ngapi.

Nilirudi kwenye mbio zilezile. Usiku nilipata usingizi wa saa nne hivi, si nyingi, ila sikutapika. Simu nilimwachia dada. Kilomita ya 14 nilipitwa na wawili kwa mpigo, kifua kikabana, nikahesabu ishirini, nikahesabu tena. Nilimaliza wa saba. Zawadi ziliishia kwa wa tano.

Mama alipiga nikiwa bado nimeinama navua viatu.

"Umekula?"

"Bado, mama. Nitakula sasa hivi."

Akakaa kimya. Nilimsikia anapumua, na kuku nyuma yake.

"Haya mwanangu, nimeshauliza la chakula. Sasa niambie, wa ngapi?"