Pono wa kandambili

Kusi ikishaingia, pwani yetu ya Jambiani, Unguja, hujaa kandambili. Zinakuja mojamoja, kupata pacha ni bahati. Naziokota asubuhi maji yakitoka, saa ileile mama na wenzake wanapoteremka kwenye mwani. Gunia la unga likijaa kandambili hunitosha wiki mbili za kuchonga samaki.

Watu huniuliza rangi nanunua wapi. Sipaki rangi hata tone. Ikate kandambili ubavuni kwa kisu kikali: tabaka la buluu, jeupe, buluu tena. Juu imepauka kwa jua na chumvi, ndani iko vilevile ilivyotoka dukani. Vipande nagandisha kwa gundi ya mafundi viatu mpaka liwe bonge, nachonga, napiga msasa, na mistari inajitokeza yenyewe ikipinda kufuata mgongo wa samaki.

Kazi hasa ni kuosha. Hoteli moja iliwahi kuniagiza kasa mkubwa. Nikaharakisha, nikagandisha soli zilizokuwa bado na unyevu wa chumvi. Wiki ya tatu gamba likaanza kubanduka. Nililia, na pesa nikarudisha. Siku hizi nafua kwa sabuni, nasuuza maji ya kisima mara tatu, naanika siku nne, kisha naonja kwa ncha ya ulimi. Ikiwa na chumvi bado, inarudi ndooni.

Moyo wa kazi hii niliupata mwanzoni mwa 2019, jahazi la Flipflopi lilipotweka kutoka Lamu mpaka Unguja. Mkuku, mataruma, mbao, vyote vya plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, na juu limevishwa kandambili 30,000. Nilipanda daladala hadi mjini kulitazama. Nilisimama pale mpaka jua linakuchwa, nikiwaza mafundi wa Lamu walivyoikubalisha plastiki umbo ambalo mbao imelizoea tangu enzi.

Sasa namchonga samaki pono aliyelala. Tunasema mtu kalala kama pono, na kweli, wako pono ambao usiku hujifunika utando wa ute wakalala humo.

Juzi niliokota kandambili nyekundu ya mguu wa kushoto, kisigino kimelika hadi kuona mwanga. Ukanda wake ulishakatika, na mwenyewe akaufunga kwa mshipi wa kuvulia, mafundo matatu, chini akauzuia kwa kizibo cha soda kilichotobolewa. Mama aliigeuzageuza mkononi.

"Huyu kaihangaikia, mwanangu. Usiikate."

Sikuikata. Nimeiweka nzima, ndiyo shavu la pono wangu, na kile kizibo ndicho jicho. Msasa sikuupitisha hapo. Kutu imebaki, mafundo yote matatu yanaonekana.

Bado utando. Nitausuka kwa taitai kuukuu, zile kamba nyembamba za kufungia mwani. Mama kashanijazia beseni.