Mashua kuukuu ilivyoacha kuvuja

Leo ni siku ya tano mashua iko majini na ngama, yaani sehemu ya chini ndani yake, ni kavu, alhamdulillahi.

Ilikaa nchi kavu misimu miwili hapa Pangani, mbao zikakauka na kuachana. Kila nikiishusha, saa moja tu maji yanafika vifundoni. Nilipaka lami kwa nje, ikabanduka. Nikaongeza pamba kwenye maungio, ikavuja vilevile.

Mwishowe niliipandisha juu ya magogo nikamwaga maji ndani, nikazunguka chini na kipande cha mkaa. Kila palipotona nikatia alama. Kumbe mengi hayakutoka kwenye maungio, yalitoka kwenye matundu ya misumari iliyoliwa na kutu, karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya mashua! Nikaing'oa, nikaziba matundu kwa vijiti vya mbao ngumu, nikapiga misumari mipya pembeni. Maungio nikayakwangua yote, nikayakalafati, yaani kuyaziba, kwa pamba iliyolowa mafuta ya nazi. Pamba usiishindilie mno: mbao zikivimba zitaisukuma nje. Hapo ndipo nilipokosea mwanzo.

Nikapaka kwa nje deheni, mchanganyiko wa shahamu (mafuta ya wanyama) na chokaa, nikaifunga mashua majini ufukoni siku mbili ilowe, kisha nikafua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Hayakurudi.