Mama akaniuliza, kwani samaki si mboga?

Nilipomwambia mama kwamba mimi sasa hivi nakula mboga tu hakushtuka hata kidogo. Akasema sawa mwanangu, akaingia jikoni akanipakulia ugali wa muhogo na migebuka, wale samaki wa ziwani kwetu, ya kukaanga akaniwekea mbele. Nikamwambia mama si nimesema nakula mboga tu, akanijibu, kwani hii si mboga? Na kwa kweli alikuwa sahihi, kwa Kiswahili chetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali, iwe nyama, iwe samaki, iwe sombe (kisamvu), ukitaka majani useme mboga za majani. Ikabidi nikae nimueleze taratibu, mama sili tena nyama, sili samaki, sili dagaa, maziwa na mayai pia nimeacha. Sasa mama yangu anauza dagaa tangu sijazaliwa, vichanja vyake vya kuanikia viko kule Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, na ada yangu ya shule yote ilitoka kwenye vile vichanja. Akaniangalia, akanyamaza muda mrefu, alafu akauliza kitu kimoja tu: "Kuna kitu ulikula huko chuo kikakudhuru?"

Hiyo ilikuwa 2021. Naandika haya leo maana kuna wadogo zangu hapa mtaani wameniambia wanataka kuacha nyama, mmoja yeye anataka kabisa ale vibichi tupu, hamna kupika, na mimi hiyo njia nimepita yote nikaumia, sitaki mtu mwingine aumie kwa kitu ambacho kinga yake ni kidonge.

Mimi niliacha nyama kwa sababu ya kuku. Mwaka 2018, likizo, nimesimama pale soko la Mwanga hapa Kigoma nasubiri hiace, ikaja pikipiki imetoka njia ya Kasulu, nyuma imebeba kuku kama thelathini wamefungwa miguu mafungu mafungu, wananing'inia vichwa chini, jua la saa saba lile. Mmoja alikuwa karibu kabisa na mkono wangu. Mdomo wazi, ulimi mkavu umetoka, jicho limejaa vumbi jekundu, na bado anajaribu kuinua kichwa, anainua kinaanguka, anainua kinaanguka. Yule kijana akapaki, akanunua maji, akanywa, akaanza kupatana bei na mtu. Mimi nikaondoka lakini lile jicho niliondoka nalo. Mi ni mtoto wa Ujiji, madrasa nimesoma, tulifundishwa kwamba hata ukichinja unoe kisu chako na umpumzishe mnyama wako, sasa yule kuku alikuwa keshateswa masaa mangapi kabla hata kisu hakijamfikia? Siku ile nyumbani palipikwa kuku, nikashindwa kumeza.

Chuo, Dodoma, nikapangiwa chumba na dada mmoja Mpare wa Same, Msabato, kwao nyama hawali tangu enzi za bibi yake. Kanisani kwao wana mafundisho wanayaita ujumbe wa afya, na yeye ndo alinionyesha kwamba mtu anaweza kuishi bila nyama na akawa mzima wa kutosha, maharage, kunde, karanga, soya, matembele, na maziwa na mayai yeye alikuwa anakula. Baadaye nikajisomea kwamba hao Wasabato watafiti wa Loma Linda kule California wamewafuatilia kweli, matokeo yaliyotoka 2013 yalikuwa ya watu zaidi ya 73,000, na katika ile miaka waliyofuatiliwa vifo kwa wasiokula nyama vilikuwa pungufu kwa kama asilimia 12. Ila ukiingia ndani ya hesabu zao, waliokuwa na nafuu kubwa kuliko wote ni wale walioacha nyama lakini samaki wanakula. Hiyo sehemu mimi niliisoma nikaipita.

Na kuna jambo jingine sikulifikiria kabisa wakati ule. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitangaza kwamba nyama za kusindikwa kama soseji zinasababisha saratani, na nyama nyekundu ikawekwa kundi la vitu ambavyo yawezekana vinasababisha. Sawa. Lakini hapa kwetu nani anakula soseji kila siku? Kuna nyumba hapa Buzebazeba ng'ombe wanamuonja Idi mpaka Idi. Mtu ambaye mwaka mzima ni ugali, maharage na dagaa kiganjani, ukimwambia apunguze nyama unamwambia apunguze nini? Zile faida wanazosema wazungu ni za mtu anayetoka kwenye nyama nyingi kwenda kwenye kidogo, sisi wengi tuko kwenye kidogo tayari na hatukuchagua.

Watu wa hapa ukiwaambia huli nyama jibu lao liko tayari, hata sokwe wa hifadhi ya Gombe wanakula nyama. Ni kweli. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika pale Gombe 1960 na mwaka huohuo akamuona sokwe anakula nyama, kabla ya hapo watu walikuwa wanaamini sokwe ni wa matunda na majani tu, na wanawinda kweli, mbega wekundu ndo wanawakamata sana. Lakini nyama kwao ni sehemu ndogo, matunda ndo chakula chenyewe. Na yule mama aliyeyaona yote hayo kwa macho yake yeye mwenyewe aliacha nyama, akakaa hivyo miaka mingi mpaka amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Mimi huwa nawajibu hivi, sokwe hana wa kumuuliza yule mbega aliumia kiasi gani, mimi nikimuona yule kuku naulizwa moyoni, na nikiulizwa lazima nijibu.

Sasa nije kwenye vibichi. Mwanzoni mwa 2024 kuna video nilikuwa naziangalia sana, mtu anakwambia moto unaua chakula, vitamini zote zinakufa kwenye sufuria, kula kama kilivyotoka shambani. Nikaacha kupika. Maparachichi, ndizi, maembe, matango, kabeji mbichi, karanga za kuloweka. Wiki za kwanza nilijisikia mwepesi, nikapungua kilo saba watu wakanisifia. Alafu nikalowesha maharage mekundu mpaka yakaota, nikayala mabichi bakuli zima kwenye kachumbari, nilitapika kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, nilidhani nakufa. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake, hata yakiota bado ipo, mpaka yachemke hasa yatokote ndo inaisha. Bibi yangu hajui jina la ile sumu lakini hajawahi kuepua maharage yakiwa na kiini kigumu.

Na ukifikiria vizuri vyakula vyetu vya Kigoma vimejengwa juu ya moto na maji. Muhogo mchungu unalowekwa siku kadhaa, unaanikwa, unatwangwa, kwa sababu una sianidi, na mwaka 1985 kule Tarime wakati wa ukame watu walikula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha wakapooza miguu, ule ugonjwa unaitwa konzo na miguu hairudi tena. Sombe hivyohivyo, unatwanga, unachemsha mpaka harufu ibadilike. Na maji je? Sisi tuliokuwepo 2015 kipindupindu kilipoingia Kagunga, kile kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, tunakumbuka, hapo ndo utamwambia mtu ale kabeji mbichi iliyosuuzwa maji ya ziwa? Halafu mchicha ukiuunga kwa mawese mwili unapata vitamini A vizuri zaidi kuliko kuutafuna mbichi, maana hiyo kitu inataka mafuta ili iingie mwilini, na yale mawese yenyewe wekundu wake ndo mwili unaugeuza kuwa vitamini hiyo, ila usiyaunguze mpaka yakawa meupe kama wanavyofanya wengine, hapo umeyamaliza.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa, miezi mitatu hamna kuvua mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mama akawa nyumbani. Mwaka mzima anatoka alfajiri anarudi jioni, sasa yupo, vichanja vitupu, hana la kufanya ila kuniangalia. Ndo akaona nadondosha vikombe. Akaona nikivaa ndala naacha moja njiani sina habari, maana vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, ni kama nimevaa soksi wakati sijavaa. Usiku umeme ukikatika natembea nimeshika ukuta. Ulimi wangu ulikuwa mwekundu, laini, hauna ule ukwaru wake, chai ya moto siwezi.

Zahanati ya kwanza nikaambiwa UTI. Nikamaliza dozi. Nyingine nikaambiwa taifodi, nikamaliza dozi. Mara ya tatu wakapima wingi wa damu ikakutwa 8.1, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma na foliki asidi, damu ikaanza kupanda mama akafurahi, lakini ganzi ikawa inapanda nayo mpaka kwenye magoti. Hakuna aliyeniuliza unakula nini. Aliyeniuliza alikuwa daktari mmoja mtu mzima hospitali nyingine, mwezi wa nane, alitazama majibu akaona chembe nyekundu za damu ni kubwa kuliko kawaida, akaweka karatasi chini akasema, binti, niambie jana ulikula nini, juzi ulikula nini, mwaka jana ulikula nini. Nikamwambia. Akasema huyu ana upungufu wa vitamini B12, na foliki asidi inaweza kuficha, damu inapanda unaona umepona kumbe neva zinaendelea kuharibika kimyakimya. Sampuli ikapelekwa Dar, ikarudi kama alivyosema.

Hii B12 ndo nataka wadogo zangu mnisikilize. Haitengenezwi na mmea wala mnyama, inatengenezwa na bakteria, ng'ombe anaipata kwa bakteria wa tumboni mwake, samaki anaipata kwenye vile anavyokula majini, sisi tunaipata kwao. Mchicha hauna, maharage hayana, parachichi halina, mawese hayana. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, ni kitu kidogo ambacho jicho halioni, na ini linaweka akiba ya miaka kadhaa, ndo maana utakuta mtu anakwambia mimi nina mwaka wa pili sili chochote cha mnyama na niko fiti, ndiyo, anakula akiba. Mimi yangu ilianza kuisha taratibu tangu 2018, nilipoacha na mayai na maziwa nikawa sina pa kujazia. Nilichomwa sindano siku moja naruka siku moja wiki mbili, baadaye kila wiki, sasa hivi nameza vidonge. Ganzi ilishuka. Vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havijarudi na daktari aliniambia nisitegemee sana.

Si urudi tu kwenye dagaa? Dada yangu ananiuliza hivyo kila siku. Sijarudi. Sahani moja ya dagaa ni roho nyingi mno, na ziwa lenyewe mpaka linafungwa ni kwamba limechoka. Mayai nimerudia, ya kuku wetu wanaozunguka uani ninaowajua mmojammoja. Lakini sijawahi hata siku moja kumwambia mama aache biashara yake na sitamwambia, wala simwambii jirani anayeshindia ugali na dagaa kwamba anakosea, yule anakula kitu bora kuliko nilichokuwa nakula mimi na video zangu. Ninachomwambia kila mtu ni habari ya kuku, kuku wasafirishwe kwenye matenga, wamesimama, wapate hewa, wanyweshwe maji, matenga yapo yanasukwa hapahapa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Ukiwa mla nyama hilo linakuhusu kuliko mimi. Muulize anayekuuzia kuku alikujaje, usinunue aliyening'inizwa.

Mwaka jana dada alijifungua, mtoto akafika miezi sita akaanza uji. Nchi hii utafiti wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto tumbo lake ni dogo, hawezi kula maharage ya kumtosha, na yeye hakumuona yule kuku pale Mwanga, hajachagua chochote. Dada alikuwa ameenda sokoni, mama yuko Kibirizi, nikachukua dagaa wa mama mwenyewe, wale wa kichanja wasio na mchanga, nikawachambua, nikawakaanga kidogo kwenye chungu kikavu bila mafuta, harufu ikajaa nyumba nzima, miaka mingi sijaishika ile harufu kwa mikono yangu. Nikawatwanga mpaka unga laini, nikapepeta mara mbili. Kijiko kimoja kwenye uji, tone la mawese juu. Alikula wote, akashika kijiko akakataa kukiachia.