Bunduki Namba Mbili Yenye Mitutu ya Namba Moja

Hapa Nakuru ni vigumu kukutana na bunduki kongwe ya marisau ambayo haikuwahi kuwa mali ya Lord Delamere, mlowezi Mwingereza aliyekuwa na mashamba makubwa huku. Kuanzia Njoro hadi Subukia, kila familia iliyorithi bunduki ya mitutu miwili kutoka kwa babu aliyenunua shamba la mlowezi miaka ya 1960 ina hadithi hiyo, na lau hadithi zote zingekuwa kweli, bwana yule angehitaji behewa zima la reli kwa silaha zake pekee. Kazi yangu ni mbao, na mara kwa mara huitwa katika duka moja la silaha lililosajiliwa ili kuangalia vitako vilivyopasuka, kwa hiyo nimezisikia hadithi hizi kutoka kwa wenyewe. Bunduki moja niliyoonyeshwa kwa madai hayo ilikuwa na mihuri ya kanuni za Uingereza za kujaribu mitutu za mwaka 1954 tu, bila muhuri wowote wa zamani zaidi. Delamere alifariki mwaka 1931. Nilipomweleza mzee mwenye bunduki, alinijibu, "Kijana, usinivunjie heshima ya bunduki yangu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mihuri hiyo ndiyo inayopaswa kusomwa kwanza. Nchini Uingereza, mtutu hauuzwi kabla ya kujaribiwa kwa kufyatua baruti nyingi kuliko kawaida, kazi inayofanywa London na chama cha watengenezaji bunduki kilichopewa hati yake mwaka 1637, na Birmingham na nyumba ya majaribio iliyoanzishwa mwaka 1813. Ukiitenganisha mitutu na kiunzi cha chuma kinachobeba vifyatulio, utaiona mihuri kwenye sehemu bapa iliyo chini ya chemba, yaani pale risasi inapokaa. Namba ya kipimo cha bunduki, kama 12, ndani ya umbo la almasi, pamoja na herufi C, ilianza kupigwa kwa kanuni za mwaka 1887; kuanzia mwaka 1925 uliongezwa urefu wa chemba. Herufi ELG ndani ya duara refu ni za Liège, Ubelgiji, na taji juu yake liliongezwa mwaka 1893. Mtutu ukijaribiwa upya, mihuri mipya hupigwa kando ya ile ya awali, na kwa hiyo umri wa chuma haufichiki kirahisi.

Jina lililochongwa juu ya mitutu ni jambo jingine kabisa, nami huliamini kidogo sana. Karakana za Birmingham zilitengeneza bunduki na kuziandika jina la muuzaji yeyote aliyelipa, na ndiyo maana bunduki inaweza kusomeka Shaw & Hunter wa Nairobi ilhali haikutengenezwa Nairobi hata skrubu moja. Wabelgiji nao waliuza bunduki za bei ya chini zenye jina W. Richards, ambalo mnunuzi mwenye haraka angelichukua kuwa la Westley Richards, kampuni ya Uingereza yenye sifa.

Bunduki iliyonifanya niandike ni ya mama mmoja wa Njoro, mwalimu mstaafu, ambaye ameirithi na ana cheti chake mwenyewe kama sheria inavyotaka. Ilitengenezwa London, na karatasi zake zote za awali zimepotea. Aliileta kwa sababu shingo ya kitako, pale mkono wa kulia unaposhika, ilikuwa imefungwa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokauka na kuwa ngumu kama pembe. Huo ni ufundi wa shambani ninaouheshimu: ngozi hushonwa ikiwa imelowa, na inapokauka husinyaa na kuubana ufa kwa nguvu ambayo gundi nyingi haziifikii. Mshono wake ulikuwa wa fundi viatu, wa nyuzi mbili zinazopishana katika tundu moja, na ulikuwa umenyooka. Kitako chenyewe hakikuwa cha mjozi, mti ambao Waingereza huupenda kwa kazi hii, bali cha mutamaiyu, mzeituni mwitu wa misitu yetu, mzito na wenye michirizi myeusi. Kwa hiyo kitako cha kwanza kilivunjika kabisa, kikatengenezwa kingine hapa nchini, nacho kikapasuka baadaye. Kibati kidogo cha fedha cha kuandikia herufi za mwenye mali kilikuwa kimehamishiwa kwenye kitako kipya, lakini katikati yake palikuwa na bonde dogo ambalo kidole hulihisi kabla ya jicho kuliona. Mtu alizifuta herufi hizo kwa makusudi, kama walivyofanya wanunuzi wengi wa mali iliyotumika.

Hadi hapo ilikuwa bunduki ya kawaida yenye makovu mengi. Kisha fundi wa duka akaitenganisha, akaniita. Kwenye kiwiko cha kufungulia bunduki, kilicho juu ya mwili wake, palichorwa namba 2 kwa dhahabu. Juu ya mitutu, kwa dhahabu hiyohiyo, palikuwa na namba 1. Namba za usajili za mtengenezaji nazo zilipishana kwa moja. Matajiri wa Uingereza waliagiza bunduki mbili pacha ili mhudumu ajaze moja huku bwana akifyatua nyingine, na pacha hao walipewa namba zinazofuatana. Hii ilikuwa na mwili wa pacha mmoja na mitutu ya mwenzake.

Maelezo mepesi ni kwamba zilichanganywa wakati wa kusafishwa. Siyakubali, na sababu yangu ni kipande cha shaba. Kila mitutu hupigwa tupa kwa mkono hadi ikae katika kiunzi chake, na hata pacha hawabadilishani bila kulegea au kukwama. Kwenye kulabu inayoshika pini ya bawaba palikuwa palilehemiwa kipande chembamba cha shaba, kilichosawazishwa kwa tupa ya meno madogo, ili kuziba mwanya. Mtu aliyechanganya kwa bahati mbaya hakai chini kulehemu. Aliyefanya kazi hii alikuwa na bunduki zote mbili mezani, moja ikiwa imeharibika mitutu na nyingine mwili, akaokoa kilichofaa. Aina ya shaba na alama za tupa hazinipi mwaka, wala hazinipi jina la mlowezi, lakini zinanitosha kuamini kwamba pacha hao walisafiri pamoja, hawakutenganishwa kwa mnada Uingereza.

Hapo ndipo nilipotofautiana na fundi. Yeye alitaka kukibandua kipande kile mara moja na kuitengeneza kulabu ipasavyo, na kwa upande wa usalama ana haki, kwa sababu lehemu ya namna hiyo haikukusudiwa kuhimili mishindo, na mitutu inayocheza kwenye bawaba ni hatari kwa uso wa mfyatuaji. Mimi nilitaka kipigwe picha kwanza, kipimwe unene, kisha kihifadhiwe ndani ya bahasha pamoja na nakala ya cheti. Tulikubaliana hivyo. Ngozi ya shingo itabaki ilivyo. Sitaigusa kwa msasa wala vanishi.

Watengenezaji kama Purdey na Holland & Holland wametunza daftari zao za mauzo, na mtu akiwaandikia namba huweza kuelezwa nani aliagiza bunduki. Mama ameandika barua kwa watengenezaji wa hii yake, akazitaja namba zote mbili, kwa maana mnunuzi wa kwanza aliagiza jozi. Aliniuliza kama ataje pia kwamba baba yake alidai ilikuwa ya Delamere. Nilimshauri asiwaambie, ili jibu litoke kwenye daftari lenyewe.