Maelezo ya Pili

Mwaka 2014 nilikuwa nauza katika duka la vifaa vya shule Ngamiani, Tanga, ukuta kwa ukuta na kibanda cha wakala wa pesa za simu. Jioni moja, Magharibi ikikaribia, vijana wawili walifika na pikipiki. Mmoja aliingia na panga, akamkata wakala mkononi, wakatokomea na mfuko wa fedha. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, nikaona.

Usiku uleule nilipelekwa kituoni kuandika maelezo. Askari aliyenipokea alikuwa hoi kwa uchovu na foleni nje ni ndefu. "Mrefu au mfupi? Mweusi au maji ya kunde? Kovu lilikuwa shavu gani?" Kila nikifungua mdomo kueleza, ananikata kwa swali jingine. La kovu lilinishtua, maana sikuwa nimelitaja. Lilitoka barazani: kabla hata damu haijakauka, mtaa mzima ulishakubaliana kwamba mwenye panga ana kovu, na jina la kijana fulani lilishaanza kutajwa. Nikajibu sikumbuki kovu lolote. Maelezo yangu hayakujaza hata ukurasa.

Siku chache baadaye alikuja mpelelezi mwingine, mama wa makamo aliyevaa kiraia. Alinifuata dukani, akaniomba nifunge mlango, akakaa juu ya boksi la madaftari.

"Mdogo wangu, mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyekuwepo. Kwa hiyo leo msemaji ni wewe. Sina haraka. Usichokijua sema hukijui, usikisie ili kunifurahisha. Na usiache kitu kwa kudhani hakina maana."

Akaniomba nifumbe macho nirudi kwenye jioni ile, kabla hata pikipiki haijafika. Nilikuwa nashika nini? Nasikia nini? Nanusa nini? Nikajiona napanga kalamu kwenye kopo, harufu ya mafuta ya kachori inatoka ng'ambo ya barabara. Nikaanza kusimulia, naye akanyamaza. Nilipokwama hakunipa neno la kunisaidia, alisubiri tu. Katika kimya hicho yakaja mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Pikipiki haikuzimwa, ilikuwa inakohoa muda wote. Mpini wa panga ulizungushiwa mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli, na ncha ya mpira ilikuwa inaning'inia. Mpini ule niliuona vizuri kuliko uso wa aliyeushika. Akaniambia ndivyo inavyokuwa kwa wengi: silaha hulivuta jicho, uso ukabaki pembeni.

"Sasa anzia mwisho. Pikipiki inakata kona. Kabla ya hapo?"

Tukarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, na nilipofika pale mwenye panga anapopanda nyuma ya mwenzake, nikaona mfuko uko mkono wa kulia na panga mkono wa kushoto. Nikarudi hadi anaingia kibandani: kushoto vilevile. Mtu wa mashoto. Nilikuwa nalo hilo siku zote, bali halikuwa na mlango wa kutokea.

Mwishoni ndipo akagusa kovu. "Hilo umeliona mwenyewe au umelisikia?" Nimelisikia. "Kwa nani, lini?" Akaliandika kwenye ukurasa wake peke yake. Akapima umbali kutoka mlangoni kwangu hadi kibandani, akauliza taa zilikuwa zimewashwa au bado, nilimtazama mtu yule kwa muda gani, na kama nilimfahamu kabla.

Nilipokuja kusoma sheria nikagundua maswali hayo yamo katika hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ya mwaka 1980, shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, inayosema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno. Na kule kufumba macho na kuanzia mwisho kulitungwa miaka ya 1980 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Geiselman na Ronald Fisher. Fisher alisikiliza kanda za wapelelezi wa Florida wakihoji mashahidi, akakuta kwa wastani shahidi anakatizwa baada ya sekunde saba na nusu. Wapelelezi wa Miami walipofundishwa njia hii, walipata taarifa zaidi kwa asilimia 47 kuliko walivyokuwa wakipata kabla. Nilipoisoma takwimu hiyo niliwaza vituo vyetu vyote, na mashahidi wote waliotoka humo na nusu ya walichokiona.

Kijana wa kovu alishakamatwa. Kwenye gwaride la utambulisho, watu wanapopangwa mstari ili shahidi aseme kama mhusika yumo, aliyetusimamia hakuwa mpelelezi wa kesi, na waliopangwa wote walibandikwa plasta kwenye shavu ili kovu lisionekane. Nikaambiwa mhusika huenda yumo, huenda hayumo. Niliwapitia mmoja mmoja nikasema simwoni. Wakala naye, aliyehojiwa na mama yuleyule, alisema hivyohivyo.

Kijana aliachiwa. Wenye pikipiki hawajapatikana, na hilo linaniuma, kwa sababu jirani yangu vidole viwili havikunjiki mpaka leo na noti anazihesabia mkono mwingine.